Taa Chini ya Lavabo

Siku yangu ya kwanza kwenye meli, shefu makanika alinipeleka kabini ya tatu, akafungua mlango wa bafu, akaniuliza naona nini. Nikamjibu naona bafu. Akasema hiyo ndiyo shida: mchana kila mtu anaona, lakini abiria anayeamka usiku, meli ikiyumba, haoni kizingiti. Juma lililotangulia mama mmoja alijikwaa hapo akaumia goti. Nikapewa mwezi wa majaribio na kazi moja: taa ya usiku ya bafu hilo. Nikishindwa, nirudi mtaani kwetu Nyalukemba kutengeneza redio za majirani.

Nina miaka thelathini na miwili, sistahili kuitwa muzee. Lakini nimeacha kazi hiyo baada ya miaka kumi na mmoja, jenereta imeniharibia masikio, na ninyi mnaoanza mnaniuliza ilikuwaje. Sikusomea umeme. Nilijifunza kwa kufungua vitu vilivyokufa, na mpaka leo kila kiungo cha waya nakikagua mara tatu, halafu silali vizuri.

Taa ya dari ilikuwepo, ila ilimpiga mtu machoni, na akirudi kitandani alikuwa kama kipofu. Nikajaribu détecteur, kile kidude kinachowasha taa kikihisi mtu anapita. Meli ikayumba, taulo likacheza kwenye msumari, taa ikawaka na kuzimika mpaka abiria akaivisha soksi.

Ndipo nikafunga taa ndogo nyeupe ya LED kando ya dirisha la duara, iwake safari nzima kwa batiri. Nilijisifu sana.

Safari iliyofuata tulifika tumechelewa, na Komanda, nahodha wetu, akatukusanya. Alikuwa ameona mwangaza mweupe juu ya maji, ubavuni mwa meli, akadhani ni wavuvi wa sambaza, wanaovuta samaki hao wadogo kwa taa. Akapunguza mwendo asije akakata nyavu zao. Kila alipodhani amewapita, aliwakuta tena palepale. Wenzangu walisema labda ni tochi ya abiria. Ningeweza kunyamaza. Nakiri nilitaka kunyamaza.

“Ni yangu, Komanda,” nikasema. “Njo mimi niliiweka pa dirisha.”

Akanigeukia. “Kumbe usiku muzima nilikuwa napisha wavuvi wenye hawako. Na wewe, ulishika sambaza ngapi?”

Walicheka mpaka shefu akageukia ukuta. Komanda akanipa siku tatu: nirekebishe taa ile, la sivyo itang’olewa na mimi nitashuka nayo.

Nikachukua utepe wa LED za manjano, nikaugandisha chini ya lavabo, lile beseni la kunawia, ukiangalia sakafu, nikauwekea resistansi, kile kipande kinachobana umeme, mpaka ukabaki mwanga wa kuonyesha kizingiti tu. Mchana nikaziba dirisha kwa blanketi, nikamwomba Maman Furaha, msimamizi wa kabini, akae mle ndani hadi macho yazoee giza. Alilalamika kwamba hata mume wake hajawahi kumfungia hivyo. Nikachungulia kumuuliza anaona nini.

“Naona sandale zangu. Sura yako siioni, na iko vizuri.”

Safari ilifuata, tukafika kwa wakati. Siku ya tatu, kwa kuwa sikuambiwa nibaki, nikafungasha vyombo vyangu vya kazi, nikakutana na Komanda kwenye ngazi.

“Unapeleka wapi hivyo vyombo? Kabini tisa zingine ziko giza.”

Hivyo ndivyo nilivyojua nimeajiriwa. Nilifunga zote kumi, na tangu hapo sikusikia abiria aliyeanguka kwenye vizingiti vile. Hakuna aliyeuliza nani aliweka taa. Nakiri nilitamani mmoja aulize. Siku yangu ya mwisho nililala kifudifudi bafu moja baada ya jingine, shavu kwenye vigae, kuzikagua. Ya kabini ya saba ilikuwa imefifia kidogo. Nikaibadilisha, ingawa barua yangu ya kuacha kazi ilikuwa imeshatiwa sahihi.