Muuza Matobolwa wa Darajani

Muuza matobolwa wa pale darajani, njia ya Songwa, ana mikono isiyotulia: mmoja hufukuza nzi kwenye viazi vyake vikavu, mwingine hupapasa ukingo wa zege kama apapasaye ng'ombe wake. Kila mteja humpa matobolwa na historia ya daraja, na historia hazifanani. Waendesha bodaboda yeye huwaambia lilijengwa na Wazungu wa mgodi wa almasi. Bibi harusi apitaye humwambia kuwa lilijengwa na mtemi aliyechoka kubebwa mgongoni kwenda ukweni. Sauti nzito, uso haucheki.

Daraja jipya lilipofunguliwa mbali kule kwenye lami, Edson, dereva wa katapila, aliletwa kulibomoa hili la zamani. Mama yule akajiuliza: wajawazito wa ng'ambo wangefikaje kliniki? Akamfungia Edson matobolwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kula kwanza. Yule chatu wa chini ya nguzo hapendi kelele."

"Chatu?"

"Ndiye mlinzi wa daraja. Mwenzako aliyetangulia alikuwa kijana mzuri sana," akasema, akashusha pumzi.

Edson akazima injini, akampigia bosi wake simu kumwambia kwamba katapila limeharibika. Kabla halijapatikana jingine, wanakijiji waliomba daraja liachwe kwa waendao kwa miguu, wakakubaliwa.

Jioni ya habari hizo, muuza matobolwa alijitwika ungo wake avuke kwenda nyumbani. Katikati ya daraja akasimama, akaangaza huku na huku, kisha akainama kuchungulia chini ya nguzo.