Fundi Aliyekunywa Petroli

Kwanza tuelewane. Haya ninayokueleza yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na tumbo limeshiba. Sikusimuliwa na mtu. Pale kijiweni Kona ya Musa wameshanicheka mpaka wamechoka, na mmoja akaniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimevuta petroli. Sikuvuta. Aliyeivuta ni mwingine, na huyo ndiye ninayetaka umjue.

Pikapu yangu nabebea madafu. Kila asubuhi natoka nayo Munje, imejaa pomoni, napeleka kwenye mahoteli ya Diani, narudi, na kesho tena. Sasa mwuza madafu na supachaja, wapi na wapi? Hilo aliniuliza mke wangu Mwanakombo, na mpaka leo ananiuliza. Aliyeniuzia gari alikuwa kijana wa mashindano ya magari, na ndiye aliyelitia dude lile juu ya injini. Kazi yake ni kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi. Isipozidi, moto unakuwa mkali mno ndani ya injini mpaka pistoni zinayeyuka. Mimi haya niliyajua zilipokwisha kuyeyuka.

Injini ya pili tuliipata kwa bangili za Mwanakombo, zile za harusi. Alizivua mwenyewe, akazifunga kwenye pembe ya leso, akaniwekea mkononi. "Baba Zuhura," akaniambia, "hii nayo ikifa, mimi sina kingine cha kuvua." Nikamwapia kwamba haitakufa. Ndiyo maana nikaamua kutia pampu kubwa ya mafuta na nozeli kubwa za kuinyunyizia injini kabla ya jambo lingine lolote. Hadi zitiwe, nikawa natambaa barabarani, sithubutu kukanyaga mafuta, bodaboda zinanipita na waliopakiwa wanageuka kunitazama.

Kazi nilimpa fundi Bakari wa Msambweni, tuliyesoma naye madrasa. Fundi mzuri sana, ila hiyo "sasa hivi" yake! Unaijua sasa hivi ya fundi? Jumatatu anakuja sasa hivi. Jumanne yuko njiani. Jumatano simu haipatikani. Na pampu na nozeli ziko kwake, alikwenda kuzichukua Mombasa. Nilikasirika mpaka nikawa nawasemesha kuku.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, nilikuwa nimeketi chini ya mdimu ulio uani kwangu. Mwanakombo na mtoto walikuwa wamekwenda kwao. Jua kali, watu wote wamejilaza, hakuna hata mtoto anayelia. Nikainua macho, Bakari huyo, kasimama kando ya gari. Pikipiki yake sikuisikia. Ovaroli lake lilelile, gunia begani, mpira umeviringwa shingoni. Nikamtolea salamu, hakuitikia, akatikisa kichwa tu. Nikasema moyoni, kachelewa yeye na bado ananuna yeye!

Sasa nisikilize vizuri. Pampu inakaa ndani ya tangi, kwa hiyo petroli lazima itolewe kwanza. Mafundi wetu wanaingiza mpira, wanafyonza kwa mdomo, petroli ikifika wanatema, wanasukutua na kulalamika. Na Bakari ninayemjua mimi hagusi mafuta bila kusema Bismillahi kwa sauti, maana aliwahi kuungua mkono. Siku hiyo hakusema kitu. Akaingiza mpira, akafyonza. Nikangoja ateme. Hakutema. Niliona koromeo lake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, macho kayafumba kama mtu anayefungua saumu.

Utasema ningekimbia. Wallahi nilichokifikiria ni petroli yangu! "We Bakari, hiyo nilijaza jana!" nikamwambia. Akautoa mpira mdomoni, akajipangusa kwa kiganja. "Nilikuwa na kiu," akasema. Nikajua ni mzaha wa kunipoza hasira, nikamsonya.

Najua utaniuliza habari za miguu. Kila mtu ananiuliza, miguu yake ilikuwaje, ilikuwa na kwato? Jamani, nani anatazama miguu ya fundi? Alikuwa amevaa gambuti. Nilichokiona ni kwamba boliti za tangi alizifungua kwa vidole, spana sikuiona. Hapo nilistahili kushtuka, nakubali. Lakini mtu aliyemngoja fundi wiki nzima haulizi anafungua kwa kitu gani. Anashukuru tu kwamba anafungua.

Kutoka kwenye gunia alitoa kitu kilichofungwa kitambaa cheusi, akakizamisha ndani ya tangi bila kukifungua. Kabla ya alasiri akawa amemaliza. Nikamuuliza malipo yake tufanyeje. "Nikishikwa na kiu nitapita," akajibu.

"Karibu," nikamwambia. "Karibu wakati wowote, usibishe hata hodi."

Unatujua sisi. Neno hilo linatoka lenyewe, hata kwa mtu usiyempenda. Nani kati yetu huketi akalipima kwanza?

Akatoka. Mimi nikaingia ndani ya gari, nikaenda nalo mpaka njia kuu, nikakanyaga. Lo! Gari liliondoka nusura liiache nyuma roho yangu. Halikukohoa, halikusita, supachaja inaimba na injini inashiba. Nilicheka peke yangu barabarani. Ndipo simu ikalia, na mpigaji alikuwa Bakari.

"Ndugu yangu, niwie radhi," akasema. "Tumefiwa huku Lunga Lunga, tuko matangani tangu jana. Kesho inshallah naja. Pampu yako ninayo."

"Bakari, umetoka kwangu sasa hivi."

"Nimetoka kwako mimi?" akauliza, na nyuma yake nikasikia watu wanasoma Yasini.

Kesho yake alikuja. Safari hii pikipiki niliisikia tangu mbali. Pampu ilikuwa ndani ya boksi lake, haijafunguliwa, na nozeli ziko kwenye karatasi zake. Akasema Bismillahi, akaingia chini ya gari, akazijaribu boliti kwa kila spana aliyokuwa nayo. Hazikusogea. Akaweka sikio kwenye tangi, akasikiliza. Kisha akatoka, akakusanya vifaa vyake polepole huku anasoma kimoyomoyo, akaondoka. Hata chai hakunywa, na yeye ni mtu wa chai.

Tangu siku hiyo kila mchana petroli inapungua, gari limeegeshwa. Mwanakombo amesikia kwa masikio yake mtu anafyonza huko nje, na akichungulia haoni mtu. Nikanunua kifuniko cha tangi chenye kufuli, nikajiona mjanja. Mchana uleule nikiwa njiani Mwabungo na mzigo, mshale wa mafuta ukaanza kushuka mbele ya macho yangu, na injini ikaanza kugonga. Niliizima hapohapo, gari likasimama katikati ya njia. Nikazikumbuka zile bangili. Lingekwenda kidogo tu zaidi, pistoni zingeyeyuka tena.

Nikamwita maalim. Akasoma, akafukiza ubani mbali na gari, kisha akaniuliza, "Ni nani aliyemkaribisha?" Nikasema mimi. "Kwa kinywa chako?" Kwa kinywa changu. Akashusha pumzi, akasema mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba yeye hawezi kumtoa. Sasa maalim nimemwitia nini?

Basi nikaamua kuliuza. Akaja kijana mmoja kutoka Ukunda, mtu wa bara, akalipenda palepale. Nilikuwa ninampa funguo, jua la utosini, nikaona anatazama nyuma ya bega langu. "Niaje, fundi," akasema, "hii gari iko poa?" Nikageuka. Alikuwa amesimama chini ya mdimu, uso wa Bakari, mpira shingoni. Kijana hakujibiwa. Aliyesemeshwa ni mimi, tena kwa upole kabisa.

"Likiondoka," akasema, "nitakunywa nini?"

Halafu akageuza macho akatazama mlangoni. Mwanakombo alikuwa amesimama pale, kampakata Zuhura.

Nikamnyang'anya yule kijana funguo. Nikamwambia gari haliuzwi. Alinitukana mpaka alipofika barabarani, na sikumlaumu.

Kwa hiyo gari ninalo. Linakwenda kuliko gari lolote la Pwani hii, madafu yanafika mapema, na kila mchana naweka galoni la petroli chini ya mdimu. Alasiri nalikuta tupu, kavu, hata harufu halina. Bakari wa kweli akipita kunijulia hali nazungumza naye akiwa barabarani, na namlazimisha aseme Bismillahi kwanza. Ananuna. Urafiki wetu umekwisha kwa ajili hiyo, na inaniuma, maana hana kosa.

Wewe cheka, lakini ukimwita fundi wa mafuta, msubiri mpaka umwone anatema. Kabla ya hapo usimkaribishe, hata kwa adabu. Na sasa niache niondoke, jua linakaribia utosini na galoni bado sijajaza.