Mkaguzi Aliniua Nikiwa na Chai Mkononi

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Wacha niseme mapema, ndio mcheke mkiendelea.

Niliuawa ofisini, chai ikiwa bado moto.

Kiwanda chetu cha maziwa kiko Mukurweini. Mnunuzi wetu mkubwa alitaka cheti cha ISO, wale wa viwango vya kimataifa, cha usimamizi wa ujuzi, la sivyo aende kwingine. Kiwango chenyewe kinauliza hivi: mfanyakazi akiondoka, anachojua kinabaki ama anaenda nacho?

Mimi, Theuri, ndiye nilipewa kazi ya kuweka ujuzi wote kwa kompyuta. Nikaweka. Halafu nikafunga na password ninayoijua peke yangu.

Kandarasi yangu ilikuwa inaisha, buda. Nilitaka waone bila mimi hawatoboi. Hata Nyawira wa maabara, akitaka kusoma chochote, ilibidi anibembeleze kwanza. Nilikuwa nafurahia sana.

Mkaguzi akaja. Mutanu, mama wa Machakos, uso mkavu kama mahindi ya githeri ya juzi.

Nikamchokoza. "Madam, hata nikufe leo, kila kitu kiko hapa." Nikapigapiga kompyuta.

"Sawa. Kufa."

"Ati?"

"Umekufa. Keti pale kwa kona. Marehemu haongei."

Moffat, dereva wa lori, akavua kofia, akauliza kama afungue WhatsApp group ya mazishi. Wote wakacheka. Mimi pia.

Mutanu akamgeukia Nyawira. "Mashine ya kuchemsha maziwa imekwama. Nionyeshe maagizo."

Nyawira akawasha kompyuta. Password.

Akajaribu jina langu. Wapi. Akajaribu jina la timu yangu ya mpira. Wapi.

Asubuhi ikaisha wakijaribu, nami nikafungua mdomo.

"Marehemu!" Mutanu akafoka.

Hakuna aliyecheka tena. Kihara, meneja wetu, alikuwa ananiangalia vile mtu huangalia mbwa aliyemwaga maziwa.

"Mmeanguka," Mutanu akasema.

Nyinyi mnaoficha kazi ndio msifutwe, nisikizeni: siku ya kupimwa, ulichoficha ndicho kitakuzika.

Lakini hapo sikuwa nimejua hayo. Nikaruka juu nikipiga kelele.

"Madam, unaangushaje kiwanda kizima na mimi niko hai? Si mniulize! Bila mimi hapa hakuna kitu!"

Nyawira akafunga kompyuta polepole.

"Theuri, umekufa asubuhi yote na hakuna mtu amelia. Tulikuwa tunatafuta password tu."