Maji Yasiyotiwa Dawa

Mwaka ule wakimbizi walipomiminika kutoka ng'ambo ya ziwa, Elinipa alinuka klorini mpaka kwenye nywele. Alikuwa bibi afya, mtu wa Same aliyehamishiwa Kigoma, na kazi yake ilikuwa moja tu: kipindupindu. Boti ikitia nanga, yeye yupo. Anatia dawa kwenye madumu, mitungi, mapipa, hata kwenye kibuyu cha mzee aliyekataa katakata kwamba ziwa lina vidudu. Akila ugali, harufu. Akilala, harufu. Jamani, mtu huchoka! Alichoka hadi shikamoo za watoto akawa anazijibu kwa kutikisa kichwa.

Ndipo akatamani kitu ambacho wenzake walikicheka: maji ambayo hatayatia dawa. Maji yake mwenyewe, ya kutazama tu.

Tangi la kioo alilipata Ujiji, kwa mzee aliyekuwa akikamata samaki wa mapambo wa kupeleka Ulaya kabla vita havijaivuruga biashara. Chumba alichopanga mtaa wa Rusimbi kilijaa kitanda na meza, basi mama mwenye nyumba, Rozalia, akamruhusu aliweke ukumbini, ule ukumbi mrefu wa katikati ya nyumba ambamo jua huchungulia tu na kuondoka.

"Gizani humo utaotesha nini, mwanangu?" Rozalia alimtania. "Uyoga?"

Aliyemwelekeza ni Marselino, mvuvi wa Ilagala ambaye babu zake walitoka Kongo. Alimletea mimea yenye majani marefu kama utepe, aliyoing'oa kwenye kina, kule mwanga unakofika kwa taabu. "Hii haina ugomvi na giza, Bibi Afya. Ukiiweka juani ndipo tangi zima litaota utelezi."

Wakaosha mchanga mpaka ukaacha kutoa tope. Wakapanda, wakakandamiza mizizi kwa mawe, maana samaki waliotarajiwa ni wachimbaji wasio na adabu. Maji waliyachota ziwani, kwa ndoo ambayo haikuwahi kuguswa na dawa. Elinipa alijua anavunja amri yake mwenyewe. Akajiambia, si ya kunywa, na roho ikatulia.

Mimea iliposhika, Marselino akaleta visamaki: vidogo, urefu wa kidole, vya rangi ya mchanga, vinavyoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Kila kimoja na nyumba yake, na ugomvi wa mipaka usiokwisha! Ukipunga mkono, vyote ndani. Ukitulia, jicho moja linachungulia. Jioni Elinipa aliketi kwenye kigoda, akavinyunyizia unga wa dagaa, na hapo tu ndipo mabega yake yaliposhuka. Yale maji hayakumdai chochote.

Kisha nyumba ikajaa. Shemeji zake Rozalia walivuka kutoka Uvira na watu wao, wakatandika mikeka ukumbini, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Mtaa wao ukapewa Angelina, mkimbizi mwenzao, ambaye Elinipa alikuwa amemfundisha kupita nyumba kwa nyumba akitia dawa. Alimfundisha kwa ukali, kwa sababu alikuwa amechoshwa na wakubwa wanaoficha mitungi yao.

"Kila chombo chenye maji, Angelina. Usimwonee mtu haya. Hata kwangu."

Hata kwangu! Mdomo nao, ukishachoka, hutoa tu.

Alasiri moja alirudi kutoka gatini, na ile harufu ikampokea mlangoni. Akakimbilia kwenye tangi. Majani yalikuwa yamesimama vilevile, kijani kizuri, na juu yake samaki wake wanaelea, matumbo juu.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi, Dada Eli." Angelina alisimama pale na kopo lake la dawa. "Bomba limekauka tangu asubuhi. Nimewakuta wageni wanachota humu kwa kikombe. Nikawakataza. Wakaniambia haya ni maji ya Bibi Afya, hayawezi kuwa mabaya." Akamtazama usoni. "Nimekosea?"

Elinipa alitaka kumzaba kofi. Kweli kabisa, mkono ulimwasha. Kisha yale maneno yakamwingia vizuri, na hasira yote ikamgeukia yeye mwenyewe. Maji ya Bibi Afya! Nani angeyaogopa?

"Hukukosea," alisema. "Hata mimi ningetia."

"Mana yanje, Mungu wangu," Rozalia alinong'ona, akamshika bega. Elinipa hakuwa na nafasi ya kushikwa bega. Aliingia chumbani, akatoka na mfuko wake na pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji kwa wanaoharisha.

"Nani alikunywa kabla dawa haijatiwa?"

Mkekani, karibu kabisa na tangi, bibi mmoja mkongwe akainua mkono polepole, kama mtoto wa shule.

"Ni mimi, mwanangu. Kikombe kimoja tu."

Elinipa akapiga magoti, akamshika kifundo cha mkono, akamtazama macho na ulimi. Bado alikuwa mzima. "Kwa nini, bibi? Hukuona samaki humo?"

"Niliwaona." Bibi akatabasamu kwa haya. "Lakini tangu nivuke, kila maji ninayopewa yananuka dawa. Yale yalikuwa matamu. Yalikuwa kama ya kwetu."

Elinipa akaketi palepale mkekani, akalia mbele za watu, huku ameshika ule mkono.