Siku Nilipotaka Shangazi Apasuliwe Tumbo Zima

Ipo Jumatatu moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka aibu na kicheko vinanijia pamoja. Nilikuwa kijana. Najua utauliza kijana wa miaka mingapi, nami sifichi: hamsini na minne. Kwetu Masieda unahesabiwa kijana muda wote ambao yupo mtu wa kumwamkia shikamoo naye akakutuma kuni. Mimi nilikuwa naye. Shangazi Paskalina, dada mdogo wa marehemu baba, ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Mwaka huo alikuwa na sabini na mmoja na bado alinituma.

Kazi yangu unaijua. Mimi ni dalali wa ng'ombe, Katesh na minada ya jirani, na ninaishi kwa kutoamini kitu mpaka nimekigusa. Ng'ombe namhesabu meno, nazunguka upande wa pili, namhesabu tena, maana nimewahi kupata hesabu mbili tofauti kwenye mdomo mmoja. Machinjioni nako nimesimama mara nyingi kumtazama mkaguzi wa nyama. Ini analilaza mezani, analikata hapa na pale, analifunua kama kitabu, anatafuta minyoo. Ini ambalo hakulikata, mnunuzi mwenye akili haligusi. Basi kichwani mwangu kuangalia ini kulikuwa na maana hiyo moja tu: kisu kirefu na kila kitu wazi juani.

Shangazi alikuwa na virusi vya homa ya ini, aina ile wanayoiita B. Alikaa navyo miaka mingi bila kujua, analima, anakamua, anagombana na majirani kama kawaida. Siku alipokwenda kupimwa maumivu ya ubavu, picha ikaonyesha uvimbe kwenye ini. Vipimo vilivyofuata vikasema ni saratani. Tukaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa ya rufaa, safari ya basi kutwa nzima, na njia nzima alinilaumu kwamba nimekaa upande wenye kivuli.

Jumatatu hiyo sasa, shangazi ameshapewa kitanda wodini, nikaitwa ofisini kwa daktari wa upasuaji. Alikuwa mama wa makamo, mpole. Aliniamkia kabla sijakaa, nikafurahi, nikaona hapa tutaelewana. Akasema angependa mgonjwa naye awepo. Nikamwambia asijisumbue, mzee wangu amechoka, msemaji ni mimi. Kosa lilianzia hapo, mwanangu. Mnadani ng'ombe hasemi, dalali ndiye anayesema, na mimi nilikuwa nimeizoea kazi hiyo kiasi kwamba sikujua naifanya.

Daktari akageuza kompyuta yake akanionyesha picha. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto wa ini, pembeni kabisa, ukubwa wa yai la kanga. Ini lililobaki lilikuwa bado na nguvu. Jumatano, akasema, atauondoa kwa njia ya matundu madogo: manne ya upana wa kidole, na moja lililo pana kidogo la kutolea kipande kilichokatwa.

Nikahesabu kwa vidole. Manne na moja, matano. Nikahesabu tena, matano yaleyale. Nikashtuka. Mtu anakuja na saratani, wewe unamtoboa kama unayetengeneza chekeche? Mimi nikiona mtu anapunguza kazi najua kuna kitu anaficha. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba sisi hatuna haraka, afungue tumbo lote, kutoka hapa mpaka hapa, aangalie kila kona. Nikamweleza na habari za mkaguzi wa nyama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila kucheka, huyo ng'ombe anayekaguliwa huwa anaruhusiwa kurudi nyumbani siku ya ngapi.

Dalali hanyamazi kwa kukosa jibu. Nikasema nitafikiri, nikatoka.

Nje kwenye benchi nikamkuta mzee wa Kibarabaig kutoka tambarare za Hanang, shuka begani, fimbo katikati ya magoti. Nilikuwa namfahamu kwa sura kutoka mnadani. Jina lake Gidajega, mtu ambaye akikuuzia ndama unajikagua mifuko kabla ya kuondoka. Nikamwamkia, akaitika, tukaulizana yaliyotuleta. Kumbe naye ni ini. Na kumbe naye ametoka kubishana na daktari huyohuyo, ila yeye anataka matundu! Alikuwa amesikia kwamba aliyetobolewa anarudi kwa ng'ombe wake mapema. Daktari amekataa. Uvimbe wake uko nyuma, umeegemea mshipa mkubwa wa damu, lazima tumbo lifunguliwe.

Nikamwambia mimi nimepewa matundu nami siyataki.

Gidajega akagonga fimbo yake sakafuni. "Wewe unayo matundu unayakataa, mimi nayataka nanyimwa," akasema. "Ingekuwa mnadani tungebadilishana hapahapa, kila mtu akaenda zake."

"Na juu ungetaka nikuongezee mbuzi," nikamjibu.

"Mbuzi wawili. Uvimbe wa shangazi yako uko kushoto, pembeni, mahali pazuri."

Tukacheka mpaka muuguzi akatoka kutazama. Lakini kucheka hakukunibadilisha. Usiku kucha nilipanga maneno, na Jumanne asubuhi nikaenda wodini nimeshaamua: tunaondoka, tunatafuta hospitali nyingine yenye daktari asiyeogopa kisu. Nilipomwambia muuguzi, akanionya kwamba tukiiacha nafasi ya Jumatano, haijulikani itapatikana lini nyingine, na uvimbe wa namna ile haupumziki ukikusubiri. Nikasikia, nikapita.

Nikafika kitandani nikaanza kueleza: wanataka kukutoboa, wanakwepa kazi, funga nguo zako. Nilimaliza yote. Shangazi alikuwa ameketi na kikombe cha uji, ananitazama kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Umemaliza?" akauliza. "Sasa toka nje, uingie tena kama mtoto aliyelelewa."

Nikakumbuka sijamwamkia. Wanawake wa vitanda vya jirani wote wanatazama. Mzee mzima nikatoka nje, nikaingia tena, nikasema shikamoo shangazi.

"Marahaba. Keti. Matundu umehesabu?"

"Nimehesabu. Matano."

"Na ini umeuliza ni la nani?"

Nikaanza tena habari ya hospitali nyingine, akanyanyua mkono.

"Mimi siyo ng'ombe wa mnada, Tluway. Mimi nasema. Tangu jana watu wawili wanabishania tumbo langu na hakuna aliyekuja kunipigia hodi. Nenda kamwite daktari. Na ukifika umwambie mwenye ini yuko macho."

Nikaenda. Njia ile ya kutoka wodini mpaka ofisini nilikuja kuihesabu baadaye, hatua mia moja na kumi na mbili, lakini siku hiyo niliiona kama kupanda mlima.

Daktari akaja, akavuta kiti, akamweleza shangazi yote kwa utulivu. Kwa njia ya matundu, tumbo hujazwa hewa maalumu ili linyanyuke kama paa, inaingizwa kamera nyembamba yenye taa, na ini linaonekana kwenye skrini likiwa kubwa kuliko macho ya mtu yanavyoliona. Hapo nikatazama chini. Mimi nilidhani tundu dogo ni kuona kidogo. Kipande kikishakatwa kinatiwa kwenye mfuko humohumo ndani, kisha kinavutwa nje kupitia lile tundu pana. Damu inayopotea huwa kidogo, maumivu yanapungua, mtu anasimama mapema. Njia ya kufungua nayo ina heshima yake: mkono wa daktari unaingia wote, na uvimbe ukiwa mkubwa, au uko nyuma, au umegusa mishipa mikubwa, hapo ndipo penye usalama zaidi. Kidonda chake ni kirefu, na kupona kunachukua muda.

Shangazi akauliza maswali matatu. La kwanza, ni njia ipi inaondoa saratani vizuri zaidi. Daktari akajibu kwamba kwa uvimbe kama wake, ulio pembeni, njia zote mbili zinafanya kazi ileile: kuutoa uvimbe wote pamoja na nyama kidogo isiyo na ugonjwa inayouzunguka. La pili, je, yeye binafsi ameshaifanya kazi hiyo ya matundu mara nyingi? Daktari akasema ndiyo, na kwa wenye uvimbe wa nyuma, kama yule mzee wa kwenye benchi, yeye hufungua, kwa kuwa anajua mwisho wa mikono yake. La tatu, na damu ikikataa kusimama?

"Nitafungua papo hapo, mama. Ndiyo sababu naomba ridhaa yako kwa yote mawili kabla hujalala."

"Basi andika yote mawili," shangazi akasema. "Anza na matundu. Ukiona hayatoshi, fungua, usije kuniamsha uniulize."

Akaweka sahihi kwa mkono wake, herufi kubwa, polepole, akakataa nisimame karibu.

Jumatano nilikaa nje saa nyingi. Sikuwa na cha kuhesabu isipokuwa vigae vya sakafu, na kila nilipofika mwisho nilipoteza hesabu, jambo ambalo halijawahi kunitokea hata kwenye mnada uliojaa vumbi. Nilikuwa nawaza kitu kimoja: kama jana shangazi angenisikiliza, leo tungekuwa ndani ya basi na ule uvimbe umekaa kiti cha kati. Daktari alipotoka na kuvua barakoa nilisimama nusu. Akasema umetoka wote, damu haikusumbua, hakuhitaji kufungua.

Kesho yake shangazi alikuwa anatembea kwenda maliwato mwenyewe, ananiambia nipishe njia. Gidajega alifanyiwa upasuaji wake siku hiyo, akafunguliwa. Alikaa siku nyingi zaidi, kila akikohoa anakumbatia mto, na alinisimulia kila uzi wa mshono kama mtu anayesimulia mipaka ya shamba. Lakini uvimbe wake nao ulitoka wote. Huo mkato aliokuwa anaukimbia ndio uliompa daktari nafasi ya kuushika ule mshipa.

Hakuna aliyetudanganya kwamba imekwisha milele. Shangazi anakunywa dawa ya virusi kila siku, na kila tarehe yake ya kliniki ikifika tunapanda basi, mimi nikikaa upande wa jua. Gidajega hivyohivyo, maana naye alikutwa na virusi vilevile. Watoto wetu wote tuliwapeleka kupimwa, na wasio na virusi wakachanjwa.

Sasa nikwambie ninalotaka ubaki nalo, mwanangu. Daktari akisema matundu, usimwone mvivu. Akisema kufungua, usimwone mkatili. Muulize uvimbe uko wapi, una ukubwa gani, ini lililobaki lina nguvu kiasi gani, yeye mwenyewe amezoea njia ipi, na mambo yakigeuka ndani atafanya nini. Ukitaka daktari wa pili atazame picha, ni haki yako, uliza mapema wala usiibe siku ya mgonjwa kwa ubishi. Yanayomfaa jirani yako kwenye benchi yanaweza yasikufae wewe, hata mkiumwa kitu kimoja. Kapime homa ya ini ungali mzima. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumu inayoharibu ini; yatupe, usimpe mtu wala kuku. Na kabla ya yote hayo, mgonjwa akiwa na akili zake, vuta kiti, mwamkie, umuulize anataka nini. Kazi yako ni kumshika mkono na kumbebea barua zake. Mwili ni wake, acha aseme.

Mungu akupe ini zima na masikio mazima. Akupe mzee wa kukurudisha mlangoni unapoingia vibaya, na akujalie uishi naye miaka mingi. Nenda salama.