Biashara Iliyokuwa na Wateja

Hadi leo nikikumbuka siku ile damu inanichemka.

Nafundisha ujasiriamali kwa wanafunzi wa teknolojia ya habari, hapa Mwanza. Ili kumaliza somo, kila mwanafunzi husimama mbele ya jopo la walimu kutetea wazo lake la biashara. Wengi huleta programu ya simu ya kuagiza chipsi, michoro ya kupendeza na faida ya kufikirika. Jopo hufurahi.

Binti mmoja, ambaye mama yake anaanika dagaa Ilemela, alileta kitu kinachofanya kazi. Wanunuzi wa Geita walikuwa wakituma ujumbe kwenye mfumo wake kabla hawajavuka ziwa kuja Mwanza. Akina mama pale mwaloni, soko la samaki la ufukweni, walikuwa wakiupata kwenye simu zao za vitochi: nani anakuja, anataka magunia mangapi, bei yake ipi. Kabla ya hapo walikuwa wanauza kwa hofu, bei yoyote ile, maana mvua ikinyesha dagaa wanaoza.

Alipomaliza, mwenyekiti wa jopo alivua miwani.

"Hii ina wateja tayari?"

"Ndiyo, mwalimu. Wapo."

"Basi haifai. Mwongozo unataka wazo. Hii ni biashara."

Nilidhani anatania. Wapi! Nikasimama nikapayuka mbele ya wanafunzi, sikujali: tunawahimiza wajiajiri, halafu aliyejiajiri tunamfelisha? Nikaambiwa nikae, utaratibu ni utaratibu. Upuuzi mtupu. Nilikwenda kwa mkuu wa idara, akasema ananielewa kabisa, kisha hakufanya lolote. Wenzake yule binti wakahitimu, yeye akabaki kurudia somo. Mwaka mzima wa binti wa watu ukapotea hivi hivi.

"Madam, sasa nifanyeje?" aliniuliza. "Niwafungie wale mama mfumo?"

"Thubutu! Usifunge. Hao wa jopo watafutie kitu kingine."

Akawatafutia. Aliposimama tena mbele ya watu wale wale, alieleza programu ya kuwakodishia watalii miamvuli ya ufukweni. Hakuwa ameandika hata mstari mmoja wa programu hiyo.

"Una wateja?" mwenyekiti akauliza.

"Sina, mwalimu. Hata mmoja."

Wakampigia makofi, wakampa A. Mwenyekiti akanigeukia huku anatabasamu.

"Unaona, mwalimu? Sasa somo lako limemwingia."