Nilivyopewa kumchagua kocha bora wa mpira wa Kiaustralia Maskati, na mgombea mmoja ni shemeji yangu

Wakuu, asalaam aleikum, na wale wa shikamoo shikamooni.

Mie humu ni msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo nimeona nami niweke wangu. Haya yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Nimebadilisha majina tu, maana wengine bado tunakutana kwenye maharusi.

Ni Maskati, miaka ya elfu mbili ya mwanzoni. Mie ni Muomani, wazee wangu wametoka Unguja. Wakati huo nilikuwa mfasiri kwenye ofisi moja Al Khuwair.

Ofisini kulikuwa na mhandisi wa Kiaustralia, tumwite Doug. Yeye na wenziwe walianzisha ligi ndogo ya mpira wa kwao. Timu nne tu. Wachezaji ni Waaustralia, Waairishi, Waomani, Wakenya, Watanzania, yeyote mwenye mbavu ngumu.

Kwa wasioujua mchezo huo, mpira wake umechongoka kama papai. Unapigwa kwa mguu, unadakwa kwa mikono, na ukitaka kumpa mwenzio kwa mkono lazima uupige ngumi, ruhusa ya kuurusha hamna.

Goli ni nguzo nne zimesimama, hakuna wavu. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita baina ya zile mbili ndefu za katikati, pointi sita. Ukipita pembeni, au ukigusa nguzo ndefu hata kidogo, pointi moja basi.

Hilo la nguzo msilisahau, ndipo fitina yote ilipozaliwa.

Doug alinishika kazini akaniambia wanataka mwamuzi wa goli. Kazi yenyewe ni kusimama nguzoni na vibendera viwili. Pointi sita unapunga vyote viwili, pointi moja unapunga kimoja. Kwao mwamuzi huyo huvaa koti jeupe. Mie nilikwenda na kanzu yangu na kofia. Doug akanitazama juu mpaka chini, akasema nishavaa tayari.

Nikakubali. Alhamisi mchana ilikuwa ndiyo wikiendi yetu wakati ule, na nyumbani nilikuwa sina kazi ila kutumwa sokoni.

Sasa, timu bora ilikuwa Papa. Kocha wao Craig, Mwaustralia, mtu wa watu, na wachezaji wake karibu wote wameukuta mchezo huo utotoni.

Timu mbovu ilikuwa Kozi. Waomani, Wakenya na Watanzania, wote wageni wa mchezo. Kocha wao Nassor.

Nassor ni kaka wa mke wangu Rahma. Shemeji yangu wa damu kabisa.

Alikuwa mtu wa soka, mchezo huu aliujifunzia kwenye kanda za video za Doug. Mechi za mwanzo Kozi walipigwa mpaka mabega yakaniuma kwa kupunga vibendera. Watoto wa watu wamezoea soka. Mpira ukija hewani, badala ya kuudaka, wanautolea kifua!

Nilicheka, sikatai. Familia nzima tulicheka. Mjomba wao Rahma na Nassor alimwuliza Nassor mbele ya watu lini ataacha kuwachosha vijana na papai.

Alichofanya Nassor, aliwakataza vijana wake kutumia miguu. Mazoezi nusu mwezi mzima mikono tu, hakuna kupiga teke. Walinuna, mmoja akasusa, akarudi.

Halafu akafanya jambo ambalo mie nililiona vizuri kwa sababu nilikuwa pale pale nguzoni. Mabeki wa Papa walikuwa majitu marefu, mpira wa juu huwapokonyi. Nassor akawaweka mbele vijana wake wafupi kuliko wote, akawaambia waliokuwa kati wapige chini, mpira udunde. Na mpira uliochongoka ukidunda, wallahi hata wenyewe haujui unakwenda wapi. Yale majitu yanainama, vijana washapita.

Kozi wakaanza kushinda. Mchezo mmoja, miwili, mitatu. Wakaingia fainali na Papa.

Wakuu, fainali ile watu walijaa. Mpaka mama mkwe wangu alikuja, Bi Salama, na chupa ya chai na mto wa kukalia. Alikuwa haujui mchezo, lakini alijua mwanawe yuko wapi na mkwewe yuko wapi. Kwake hilo lilitosha kuwa ushindi.

Dakika za mwisho Kozi wako nyuma kwa pointi tatu. Mpira akaupata Hamed, mchezaji wao bora. Akapiga. Unakuja kwangu moja kwa moja, watu wote wameshasimama wanashangilia.

Nikasikia "ngo!"

Mlio mdogo sana. Umegusa nguzo ndefu kwa ubavu, ukapita ndani.

Kelele zilivyokuwa, hakuna aliyesikia ila mie. Nikiwa nimeshika vibendera viwili, nikapunga kimoja.

Firimbi. Khalas. Papa wameshinda.

Vijana wa Kozi walinijia kama nyuki. Nassor akawapita wote, akasimama mbele yangu. Nilidhani ananipiga. Akanitazama, akaniuliza neno moja tu.

"Umegusa?"

"Umegusa, shemeji."

Akageuka. "Haya, pangeni mstari. Mumpe mkono mwamuzi, kisha mwende mkawape mkono Papa."

Wakapanga, huku wanalia. Nilipewa mikono ile moja moja, mingine imenibana makusudi.

Ijumaa yake chakula cha mchana kwa mama mkwe. Nilikwenda, ningefanyaje? Bi Salama alinipakulia wali, akanitazama usoni.

"Mwanangu, mie nna macho yangu mawili. Mpira nliuona umepita katikati."

"Uligusa nguzo, mama."

"Nguzo imekwambia?"

Rahma kainama anajizuia kucheka. Nassor alikula kidogo, akaaga mapema. Hakuwa na hasira na mie, lakini alikuwa na huzuni. Mtu alihangaika msimu mzima, alichobaki nacho ni masihara ya mjomba.

Upande wa pili, kwa Waaustralia, mie nimekuwa shujaa! Kila nikipita napigwa bega. Yule aliyemnyima shemeji yake kombe. Mtu wa haki. Doug alinisimulia kwa mabosi wake, nami niko pale pale nasikiliza, nimejaa kama puto.

Sitawaficha, sifa zile nilizipenda.

Ndipo Doug akaja na jambo jipya. Kuna tuzo ya kocha bora wa msimu, na wachaguzi ni watatu: yeye, Bi Zuwena na mie.

Bi Zuwena alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya wasichana. Muomani mwenzetu, ila familia yao imetoka bara, Kiswahili chake cha Tabora kimenyooka. Kwenye ligi yeye ndiye aliyekuwa akiandika pointi. Huchezi naye.

Nilimwambia Doug mmoja wa makocha ni shemeji yangu, anitoe. Akacheka. Akasema mtu aliyepunga kibendera kimoja siku ile ndiye anayeaminika kuliko wote.

Tukakutana kwenye mkahawa mmoja Ruwi, karibu na stesheni ya mabasi, chai ya maziwa na chapati mezani. Wanaotazamwa wawili, Craig na Nassor.

Doug akasema Craig. Hajapoteza mechi hata moja, kombe analo. Kocha anapimwa kwa ushindi, kama si hivyo anapimwa kwa nini? Neno lake lilikuwa na uzito.

Bi Zuwena akasema Nassor. Akanigeukia mie.

Nikasema Craig.

Nilisema haraka mno. Nikaongeza na maneno mazuri ya nidhamu na mpangilio. Doug akatikisa kichwa, ameridhika.

Bi Zuwena akaweka kikombe chini, akahamia kwenye Kiswahili ili Doug asifuate.

"Kaka, nikuulize. Nassor angekuwa si shemeji yako, ungempa nani?"

Nikachovya chapati kwenye chai.

"Wewe umesimama pale nguzoni msimu mzima. Craig umemsikia akiwaambia nini watu wake?"

Nikafikiri. Craig alikuwa akiwaambia wanywe maji, wacheze kama wanavyojua. Na walikuwa wanajua.

"Na Nassor?"

Hapo, wakuu, maneno yalianza kunitoka yenyewe. Nikamweleza mazoezi ya mikono. Wafupi mbele, mpira chini. Nikamweleza yule kijana wa Tanga aliyekuwa akifumba macho kila mpira ukija, na jinsi Nassor alivyosimama naye pembeni kila mapumziko akimtupia mpira polepole mpaka akaacha kufumba. Vijana kumi na kitu, hakuna hata mmoja aliyemaliza msimu kama alivyouanza.

Bi Zuwena alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa ile kura yako unampigia Craig, au unajipigia mwenyewe?"

Niliona haya. Doug anatutazama, hajui kitu, anatafuna chapati yake.

Maana alisema kweli. Mie sikuwa nafikiri nani kocha bora. Nilikuwa nafikiri nitaonekanaje. Nikimpa Nassor, watasema namlipa fidia, na ule ushujaa wote umekwisha. Kwa hiyo nilikuwa tayari kumdhulumu mtu haki yake ili mie nibaki kuitwa mtu wa haki!

Nikamgeukia Doug nikamwambia nabadilisha. Nassor. Nikamweleza sababu zote nilizomweleza Bi Zuwena. Uso ukambadilika kidogo, nikaona sifa zangu zinaondoka pale pale na mvuke wa chai. Lakini alisikiliza, na mwisho akasema mambo mengine yale hakuyaona, maana alikuwa akitazama kombe.

Tuzo ilitolewa ufukweni upande wa Bustan, mishkaki inaungua, watoto wanakimbizana. Jina la Nassor lilipotajwa, Kozi walimbeba juu juu mpaka kofia ikaangukia mchangani. Yule kijana wa Tanga alilia kuliko siku ya fainali. Mjomba naye alikuwepo, akapiga makofi mpaka mwisho.

Vijana wawili watatu wa Papa walinong'ona kuhusu shemeji, niliwasikia. Craig alikwenda kumkumbatia Nassor, kisha akanijia. Akasema angependa kuichukua yeye, hawezi kunidanganya, lakini timu yake hata angekaa nyumbani ingeshinda. Tukacheka. Mpaka leo namheshimu yule bwana.

Nassor alikuja mwisho, tuzo kwapani.

"Shemeji, hii ni ya ile nguzo?"

"Wallahi si ya nguzo. Ni ya yule kijana aliyekuwa akifumba macho."

Akanishika mkono, hakuuachia haraka. Macho yalikuwa yameloa, akasingizia moshi wa mishkaki.

Mnadhani yameisha vizuri? Bi Salama alinivuta pembeni, amefurahi, akanibusu kichwa.

"Ahsante mwanangu. Najua hii ndiyo njia yako ya kuomba radhi kwa lile kosa."

"Mama, mie sikukosea!"

"Haya, haya. Yamekwisha, nshakusamehe."

Basi ikawa Waaustralia wengine wanaamini nimelipa fidia, na mama mkwe anaamini nimelipa fidia. Waliojua ukweli ni Bi Zuwena, Doug, Nassor na mie. Nililala usingizi mzuri sana.

Nililojifunza ni hili. Tunaogopa sana kumpendelea ndugu, na ni vizuri kuogopa. Lakini kuna kumkandamiza ndugu ili watu wakusifu, na hiyo nayo ni dhulma, ila imevaa kanzu safi. Haki ya mtu usimpunguzie kwa sababu ni wako.

Uwanja wenu sasa. Kocha asiyefungwa mwenye timu iliyokuja imeiva, au aliyewafundisha watu kutoka sufuri akakosa kombe kwa nguzo? Na kama kuna aliyewahi kumhukumu ndugu yake kazini au michezoni, aseme alitokaje. Wale wa kuniuliza kama kweli mpira uligusa, jibu ni lile lile: uligusa.